Usingizi Ulinipitia

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi mama hunipigia simu kutoka Kilosa, nami niko Mikumi. Maongezi yenyewe hayazidi dakika mbili, maana vocha nayo ni pesa. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, kisha linakuja swali: "Umelalaje, mwanangu?"

"Salama, mama. Sijui wewe?"

"Mimi salama tu."

Wote wawili tumedanganya. Mimi sikulala. Yeye tangu saa nane usiku alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, anasikiliza moyo wake unavyogonga kwa ile presha aliyoanza kuugua miaka sita iliyopita. Najua kwa sababu sauti ya mtu aliyelala huwa na ukungu kidogo asubuhi, na ya mama haina. Bila shaka naye anajua yangu. Hata hivyo hakuna siku ambayo mmoja wetu alimwambia mwenzake, wacha uongo. Kutoka Kilosa mpaka hapa hazifiki kilomita mia (na njiani unapita mahali panapoitwa Ulaya, hivyo sisi watu wa Kilosa tumekwenda Ulaya mara nyingi kuliko mabalozi), lakini ule umbali wa dakika mbili za simu naona ni mrefu zaidi.

Nataka kuuliza jambo ambalo limenikalia kooni kwa miaka mingi. Je, mtu anaweza kuwa na hatia kwa sababu ya kulala? Na kama anaweza, je, anaweza kuilipa hatia hiyo kwa kukesha?

Kiswahili chetu tayari kina utetezi wake. Tunasema usingizi ulinichukua, usingizi ulinishinda, usingizi ulinipitia. Katika sentensi zote hizo anayetenda ni usingizi, mimi natendwa tu, kama mtu aliyekokotwa na maji ya mto Mkondoa. Ukitaka kumshtaki mtu huna budi kubadili maneno: "Wewe ulilala!" Mlinzi wa ghala akikutwa asubuhi kufuli limevunjwa, yeye husema usingizi ulinipitia, na tajiri wake husema ulilala. Jambo ni lile lile moja, ila mmoja anaomba huruma na mwingine anatafuta wa kumkata mshahara.

Dini nazo hazikunisaidia kuamua. Waislamu wenzetu hufundishana kwamba kalamu inayoandika madhambi imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenye wazimu mpaka akili zimrudie. Hapo aliyelala amesamehewa kabla hata hajaomba. Lakini ukija kanisani utasikia habari za bustani ya Gethsemane, wale wanafunzi walioombwa wakeshe saa moja tu na mwenzao, wakalala, wakaulizwa kwa uchungu mbona mmeshindwa. Ni kweli waliambiwa pia kwamba mwili ni dhaifu. Lakini swali liliulizwa, na miaka karibu elfu mbili baadaye bado linasomwa kila Pasaka. Inaelekea basi kuna usingizi wa namna mbili, ule usioandikwa na ule unaosomwa hadharani kila mwaka.

Wangu ulikuwa wa namna ya tatu.

Mdogo wangu anaugua kifafa. Ameniruhusu kuyaandika haya, ila alisema jina lake lisiwemo, nami nimekubali. Alipokuwa na miaka mitatu alipata malaria kali, akashikwa na degedege usiku kucha. Malaria ikatibiwa ikaisha, lakini baada ya muda tukaona kule kukakamaa kunarudi bila homa. Madaktari wanajua jambo hili, kwamba malaria inapopanda kichwani inaweza kumwachia mtoto kifafa, lakini sisi wakati huo tulijua degedege ni la ndege wa usiku anayepita juu ya nyumba. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Mjomba akasema mganga, tukaenda kwa mganga. Tulikwenda kwa watatu. Wa kwanza alitaka kuku, wa pili alitaka mbuzi, na wa tatu, ambaye nadhani alikuwa mwaminifu kuliko wote, alisema hii mimi siiwezi, mpelekeni hospitali.

Hospitali walimpa fenobabito, na dawa yenyewe ilikuwa ikichukuliwa kwenye kliniki ya wagonjwa wa akili. Basi bwana, mtaani ikawa hadithi. Watoto wakasema atapelekwa Mirembe. Si unajua jinsi jina hilo la Dodoma linavyotumika kutishia watu. Mama alimshona kijifuko cha kitambaa cha kuwekea vidonge ili tukipita njiani watu wasione bahasha ya dawa.

Kifafa chake kilipenda usiku. Baba, sasa ni marehemu, alikuwa kibarua wa reli na siku nyingi alikuwa njiani huko Gulwe, kwa hiyo kukesha kulikuwa kwa mama. Mimi nililala kitanda kimoja na mdogo wangu, na kazi yangu ilikuwa moja: kitanda kikianza kutikisika, nimgeuze ubavu, nimwondolee mto, nisimtie kitu mdomoni, nimwite mama. Nilijifunza hayo nikiwa na miaka tisa, kabla sijajifunza kugawanya kwa tarakimu mbili.

Mwezi wa kumi mwaka 2009 nilikuwa na miaka 13 na yeye 9. Jirani alifiwa, mama akaenda kulala matanga. (Hili nalo ni neno la ajabu, maana matangani watu huketi na kuimba, anayelala ni marehemu peke yake.) Aliniambia mlangoni, "Mwangalie mwenzio." Koroboi tuliiacha inawaka juu ya kigoda kando ya kitanda, kwa sababu mdogo wangu alikuwa anaogopa giza.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Nilisikia akiniita, "Kaka." Kabla ya kuanguka huwa anapata dalili, kama harufu ya kitu kinachoungua, anasema, na hapo ana muda wa kutamka neno moja au mawili. Akaita tena, "Kaka." Nikafumba macho. Kitanda kikaanza kutikisika.

Nataka kusema ukweli wote hapa, maana bila hivyo insha nzima haina faida. Niliyasikia yote. Sikuwa na hofu, nilishayaona mara nyingi. Nilikuwa nimechoka na kitanda kilikuwa na joto, nikajiambia kwamba mambo haya huwa yanapita yenyewe kwa dakika mbili tatu, na hilo ni kweli kabisa. Kisha kulikuwa na kitu kingine, ambacho ilinichukua miaka kukipa jina. Nilitaka usiku mmoja tu niwe mtoto ambaye usingizi umemchukua. Basi nikajifanya nimelala. Nakumbuka hata nilipumua kwa sauti ili nijiridhishe mwenyewe.

Akaanguka chini, kigoda kikapinduka, mafuta ya taa yakamwagika juu ya mkono wake wa kushoto, yakashika moto. Hapo niliruka. Nilizima kwa blanketi, nikapiga kelele, watu wakatoka matangani mbio. Mkono uliungua kutoka kifundo mpaka kiwiko. Kovu lipo, ngozi imejivuta kama karatasi iliyopata maji ikakauka.

Mama aliponiuliza nini kilitokea, nikasema, "Usingizi ulinipitia, mama." Naye, mama yangu, mikono yake ikiwa bado inanuka ubani wa matangani, akanishika kichwa akasema, "Usingizi hauna hatia, mwanangu."

Huo msamaha ninaishi nao mpaka leo. Ni kama koti la mtu mwingine, linanipwaya, na siwezi kulivua mbele za watu.

Baadaye sana nilisoma habari za Mahenge. Ukitoka hapa Mikumi unashuka Kidatu, unapita Ifakara, unavuka mto Kilombero, unapanda milimani, ndipo Mahenge. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifika huko daktari kijana mwanamke kutoka Norwe, ambaye baadaye alijulikana kama Dk. Louise Jilek-Aall, akakuta watu wengi wenye kifafa, akawafungulia kliniki. Aliandika pia juu ya watoto waliokuwa wakitikisa kichwa kama wanaoitikia jambo, ugonjwa ambao miaka mingi baadaye ulijitokeza Uganda ya kaskazini na Sudan Kusini, na wataalamu leo wanauhusisha na minyoo inayoenezwa na wale inzi wa mitoni, usubi. Ila kilichonikaa moyoni ni habari ya makovu. Wagonjwa wengi aliowakuta walikuwa wameungua vibaya, kwa sababu mtu akianguka motoni, waliokuwa karibu waliogopa kumgusa. Waliamini kwamba ugonjwa huambukiza, kwa mate, kwa povu, kwa kugusa.

Nilipoisoma nililia, na si kwa huruma. Wale watu wa Mahenge walikuwa na sababu. Waliamini wakigusa wataugua wao na watoto wao. Imani yao haikuwa ya kweli, lakini ukiamini hivyo, kusimama mbali si ukatili, ni woga tu wa kawaida wa binadamu. Mimi nilikuwa nimefundishwa, nilijua haiambukizi, nilikuwa nimemgusa mara hamsini. Ujinga ungeweza kunitetea, nami sikuwa nao. Hapa ndipo nilipoona kwamba elimu, ambayo tunaisifu kila siku kwenye mabango, inamwondolea mtu visingizio kabla haijamwongezea wema. Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita Wayunani waliandika, katika kitabu kinachohesabiwa kuwa cha Hippocrates, kwamba kifafa si ugonjwa wa miungu, kiini chake ni ubongo. Tumelijua hilo muda wote huo. Na bado Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu kama milioni 50 wenye kifafa duniani, karibu asilimia 80 wako kwenye nchi maskini na za kipato cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa inayowafaa. Dawa nyingine bei yake ni ndogo sana. Kwa hiyo nchi na nchi nazo zinasikia kitanda kinatikisika, zinapumua kwa sauti. Lakini haya ni makubwa, nisiyatumie kujifichia.

Mwishoni mwa Desemba mwaka ule ule yakaja mafuriko. Wenye umri wetu hapa Kilosa hatuhitaji kuelezwa. Mkondoa ulivunja tuta, mji ukajaa, reli ikang'olewa, treni za abiria hazikupita kwa miezi. Maelfu ya watu tukahamia kwenye mahema. Nilidhani mahemani ndipo aibu yetu itakapokamilika, maana hema halina siri, mtu akigeuka kitandani wa hema la tatu anajua. Na kweli, usiku wa nne mdogo wangu akaanguka, kambi nzima ikasikia.

Asubuhi akaja bibi mmoja jirani. Hatukuwa tunajuana naye, alikuwa ametoka upande mwingine wa mji. Hakuuliza ni ugonjwa gani. Alimwambia mama, "Wewe utalala saa ngapi?" Mama akasema atalala Mungu akipenda. Yule bibi akasema, "Mungu hatakuja kukaa hapa na mtoto. Mimi sina usingizi tangu mume wangu afe. Kuanzia saa nane mpaka alfajiri niachie mimi." Ikawa hivyo. Wakaongezeka wawili wengine. Kwa muda tuliokaa mahemani mama yangu alilala usiku kuliko wakati wowote ninaoukumbuka, ndani ya hema, juu ya tope, na nyumba imekwenda na maji. Tulipopata chumba chenye kuta na mlango wa kufunga, zamu zikaisha, mama akarudi kukesha peke yake.

Natua hapo kidogo. Watu wengi wakiongea juu ya kuuguza husifia moyo wa mama, kwamba mama hachoki. Huu ni uongo ambao tunaupenda kwa sababu unatuwezesha kulala sisi wengine. Mama anachoka. Presha yake siwezi kuapa imetoka wapi, daktari hakusema imetokana na kukesha, na nisimsemee. Nasema tu kwamba usingizi katika familia yenye mgonjwa ni kama blanketi fupi. Ukilivuta kichwani, miguu ya mwingine inabaki nje. Suala la maadili, kwa maoni yangu, si kama mtu ana haki ya kulala. Mwili utailazimisha hiyo haki hata ukimfunga kwenye nguzo. Suala ni nani miguu yake iko nje usiku huu, na je, ni yule yule wa jana?

Sasa mdogo wangu ni mtu mzima. Anaosha malori hapa Mikumi, yale yanayolala njiani kuelekea Zambia na Kongo. Mimi nafundisha tuisheni na kuandikia watu barua za maombi. Tunakaa chumba kimoja, vitanda viwili. Dawa anakunywa saa mbili usiku bila kukosa, na ilifika karibu miaka miwili hajaanguka hata mara moja. Mtu angetarajia kwamba hapo na mimi nitalala. La hasha. Tangu nimechukua zamu ya mama, usingizi ulinikimbia. Nalala saa nne, saa saba macho. Nasikiliza lori linapunguza mwendo, linabadilisha gia, linaondoka kuelekea Iringa. Nasikiliza pumzi yake. Nisipoisikia, nawasha tochi ya simu, nammulika usoni, naona blanketi linapanda na kushuka, nazima. Baada ya nusu saa, tena.

Nilikuwa na hoja yangu, wala si ya kijinga. Watu wenye kifafa wako katika hatari kubwa zaidi ya kufa mapema, na wengine hufa usingizini bila sauti. Tafiti zilizofanywa Ulaya, ile nyingine, zimeonyesha kwamba hatari hiyo ni ndogo zaidi kwa anayelala chumba kimoja na mtu mwingine. Basi nikajiona mimi ndiye ule ukuta kati yake na mauti. Nilijihesabia haki. Kila usiku niliokesha nilikuwa nalipa deni la ule usiku mmoja wa koroboi, na kama ningepiga hesabu nilikuwa nimeshalilipa mara mia.

Mwaka jana mwezi wa tano akaanguka. Mchana, kazini, kwenye saruji iliyolowa. Akapasuka juu ya jicho. Madereva walimgeuza ubavu, wakamsubiri azinduke, wakamletea maji. Naona dunia imebadilika kidogo. Daktari akamuuliza, umeacha dawa? Hapana. Umekunywa pombe? Hapana. Unalala vizuri? Mdogo wangu akanitazama, akanyamaza.

Tulipofika nyumbani ndipo akasema, "Kaka, wewe ndiye unayeniamsha."

Kumbe kila nilipommulika aliamka. Mara nyingine mara sita kwa usiku. Akawa anajifanya amelala ili nisijisikie vibaya. Na kukosa usingizi, daktari alituambia na vitabu vinasema, ni moja ya mambo yanayochokoza kifafa kuliko mengi. Mimi mlinzi ndiye niliyekuwa naiba. Siwezi kuthibitisha kwamba tochi yangu ndiyo iliyomwangusha. Huenda angeanguka tu. Lakini fikiria, msomaji, hali yenyewe. Usiku ule wa kwanza nilimdhuru kwa kujifanya nimelala wakati niko macho. Safari hii yeye ndiye alijifanya amelala wakati yuko macho, na bado aliyeumia ni yeye.

Kuna kisa kimoja nimekipenda kwa sababu hakina mtakatifu ndani yake. Mwaka 1912, mjini Freiburg, Ujerumani, daktari kijana aitwaye Alfred Hauptmann alitangaza kwamba fenobabito inazuia kifafa. Inasimuliwa kwamba chumba chake kilikuwa juu ya wodi ya wagonjwa wa kifafa, na kila usiku kelele zao na vishindo vya kuanguka vitandani vilimnyima usingizi. Akawapa dawa ya usingizi walale, ili naye alale. Wakalala, na akaona kwamba hata kuanguka kumepungua, mpaka mchana. Zaidi ya miaka mia baadaye kidonge hicho hicho mdogo wangu anakimeza Mikumi saa mbili usiku. Kama yule daktari angekuwa mtu wa kukesha kwa kujitolea kama mimi, mwenye tochi, sijui tungekuwa wapi. Alitaka kulala, na alitaka wao nao walale, na hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Huenda nilikuwa nimekosea hapo tangu mwanzo: nilidhani mapenzi yanapimwa kwa macho mekundu.

Ukiniuliza kama kukesha hakuna maana kabisa, nitakataa. Kulala chumba kimoja naye kuna maana. Kusikia kuna maana. Lakini kukesha kwangu kulikuwa ni malipo, na mtu anayelipa deni hamtazami mgonjwa, anatazama daftari.

Nilimwambia mdogo wangu tutafute njia nyingine. Nikakumbuka mahemani mama alikuwa akifunga kamba ya mkonge kwenye mguu wake na ncha nyingine mkononi mwake, ili akianza kutikisika ahisi. Akacheka akasema, "Kaka, mimi si mbuzi." Basi tukavisogeza vitanda vikagusana, tochi ikapigwa marufuku. Akitikisika nitahisi. Asipotikisika, niache.

Usiku huo, gizani, nikamwambia habari ya mwaka 2009. Nilimwambia yote, pamoja na kule kupumua kwa sauti. Alikaa kimya mpaka nikadhani amelala, halafu akasema, "Nilikuita mara mbili. Nakumbuka."

"Sasa mbona hukusema miaka yote hii?"

"Ungelala wapi?" akasema. Tulikuwa na kitanda kimoja wakati ule.

Mama sijamwambia. Nimelipima jambo hili kama mtu anayepima dhahabu. Kwa upande mmoja ukweli ni haki yake, maana alitoa msamaha kwa kosa ambalo halikuwepo, na lile lililokuwepo halijasamehewa na mtu yeyote ila aliyeungua. Kwa upande mwingine, naujua usiku wake. Nikimwambia, mimi nitalala na yeye atakuwa na jambo jipya la kulifikiria pale kwenye mkeka saa nane, na moyo wake hauhitaji kazi ya ziada. Je, nina haki ya kununua usingizi wangu kwa usingizi wake? Wako watakaoniambia ukweli ni ukweli, sema yaishe. Wenzangu, yataisha kwa nani? Siku hizi naelekea kwamba nitamwambia, lakini si kwa simu, na si usiku, na nikishamwambia nitakaa Kilosa wiki nzima, nilale sebuleni kwake, ili akiamka saa nane akute kuna mtu. Kama nitaweza hayo, nitasema. Nisipoweza, naona bora koti liendelee kunipwaya.

Jumapili iliyopita mdogo wangu hakwenda kazini. Asubuhi akaniuliza, kama kila siku, "Umelalaje?" Sijui kwa nini siku hiyo nilichoka na lile jibu. Nikasema, "Sijalala."

Akavuta kigoda, akaketi mlangoni na ndoo ya viatu vyake vya kazi. "Basi lala sasa. Mimi nipo."

Nilimwambia siwezi kulala mchana, jua kali, malori, na kuna barua ya mtu naitakiwa saa sita. Nikajinyoosha tu kidogo juu ya kitanda nikiwa na nguo zangu. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili, ilikuwa saa kumi alasiri, viatu vyote vimeanikwa kwenye kizingiti, na yeye bado yuko pale pale.

"Ulikuwa unakoroma," akasema, "mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza."